Sala ya taamuli bila kuhama Buguruni

Mwambie mkazi wa Buguruni Sheli asali kwa ukimya, atadhani unamtania. Makondakta wanaita abiria kabla hakujapambazuka, bajaji zinapiga honi, na spika ya jirani haijui saa ya kulala. Ndiyo maana walei wengi huamini kuwa sala ya taamuli ni mali ya watawa wa Peramiho na Ndanda. Wao walei wanajiona watu wa rozari, jumuiya na mkesha, basi.

Historia inawakatalia. Wamonaki wa jangwa la Misri walisuka kamba na vikapu ili wapate riziki. Yohane Kasiano aliishi kati yao, na mwanzoni mwa karne ya 5 akaandika mafundisho ya mmoja wao, Abba Isaka: chukua mstari wa kwanza wa Zaburi ya 70, ule wa kumwomba Mungu aje upesi kusaidia, uurudie kazini, safarini, mezani, hadi usingizi ukuchukue. Mpaka leo mstari huo hufungua Masifu ya Jioni. Kwa hiyo mama anayechambua mchicha sokoni yuko karibu zaidi na chimbuko la sala hii kuliko anavyodhani.

Karne ya 12 Guigo wa Pili, mmonaki Mkartusi wa Ufaransa, aliipanga njia ya sala hii kwa hatua nne: kusoma Maandiko, kuyatafakari, kuomba, kisha taamuli, yaani kutulia mbele ya Mungu bila maneno mengi. Hatua tatu za mwanzo tunazifanyia bidii. Ya nne tunapewa, hailazimishwi.

Kwa vitendo: kabla ya kufungua genge, keti. Soma mistari miwili mitatu ya Injili, taratibu. Neno moja likikugusa, baki nalo. Mawazo yatakuja tu: kodi ya chumba, ada, marejesho ya vikoba, mteja aliyekopa nyanya akapotea. Usigombane nayo, wala usijilaumu; rudi kwenye neno. Ukirudi mara hamsini, umesali mara hamsini. Adhana na honi nazo zisikie, uziache zipite.

Thomas Keating, mmonaki wa Marekani, alishauri dakika 20, mara mbili kwa siku. Kwa familia inayolala chumba kimoja cha kupanga, naona huo ni mzigo; dakika kumi zinatosha kuanzia. Ndani ya daladala pia inawezekana, ila macho yawe wazi. Wezi wa simu hawaheshimu sala.

Usisubiri kusisimka. Teresa wa Avila, mwalimu mkubwa wa sala hii, alikiri kwamba kwa miaka kadhaa alikuwa akitamani saa ya sala iishe. Alifundisha pia kwamba kipimo cha kuaminika ni upendo kwa jirani. Basi jichunguze unavyomjibu mpangaji mwenzako mkigombania zamu ya maji, au unavyompimia mteja asiyejua bei.

Mwenye msiba mbichi au kumbukumbu za ukatili awe mwangalifu, kwa kuwa ukimya huweza kuamsha yaliyofukiwa. Akiona usingizi unakata au hofu inazidi, apunguze muda, arudie sala za sauti alizozizoea, na amwone padri, mchungaji au mshauri nasaha. Palipo na ugonjwa wa akili, hospitali ni ya lazima na dawa zisiachwe.