Saksofoni: Ala ya Shaba Katika Ukoo wa Mbao

Mpita njia atazamaye bendi ya jeshi au ya polisi gwarideni huona shaba ikimeta, naye huihesabu saksofoni pamoja na tarumbeta. Wapigaji hawakubali. Kwao saksofoni ni ndugu wa klarineti, nayo imo katika ukoo wa ala za mbao ijapokuwa haina mbao hata kidogo. Tarumbeta hulizwa kwa midomo inayotetemeka. Saksofoni hulizwa kwa ulimi mwembamba wa tete uliofungwa penye mdomo wa ala. Zumari ya Lamu na Unguja nayo hulia kwa ulimi, ila wake ni wa pande mbili.

Aliyeiunda ni Adolphe Sax, Mbelgiji aliyezaliwa Dinant mwaka 1814, mwana wa fundi wa ala. Katika bendi za askari wa siku zile, sauti laini za mbao zilimezwa na shaba mara tu bendi itokapo nje ya nyumba. Sax alitaka ala yenye nguvu ya shaba na wepesi wa klarineti. Bomba la klarineti lina upana mmoja, hivyo mpigaji apandapo sauti za juu hubadili mpango wa vidole. Bomba la saksofoni hupanuka kama pembe, na vidole hubaki karibu vilevile. Ndiyo maana mwanafunzi huizoea upesi.

Tarehe 22 Aprili 1845, katika uwanja wa Champ-de-Mars mjini Paris, bendi mbili zilishindanishwa mbele ya umati mkubwa. Ya kwanza, chini ya Carafa, ilikuwa ya mtindo wa zamani, yenye obo na basuni. Ya pili ilikuwa na ala za Sax. Umati uliishangilia ya pili, na serikali ikaamuru bendi za askari wa miguu zifuate mpango wake. Obo na basuni zikaachwa.

Kwa mafundi wengine huo haukuwa mchezo, maana riziki yao ilikuwa hatarini. Sax alipopata hataza ya saksofoni mwaka 1846, walimshtaki ili ibatilishwe. Mapinduzi ya 1848 yalilifuta lile agizo, na mpango wake haukurudi hadi 1854. Kesi alizishinda nyingi, lakini gharama zilimla: alifilisika mwaka 1852, tena 1873, tena 1877. Alifariki mwaka 1894.

Ala yenyewe ilisafiri mbali kuliko yeye. Jean-Serge Essous aliipuliza, pamoja na klarineti, katika OK Jazz iliyoanzishwa Léopoldville mwaka 1956. Katika bendi za kijeshi klarineti nyingi hushika nafasi ambayo fidla hushika kwingineko, na saksofoni huziunganisha na shaba. Kazi hiyo yote hutegemea kipande cha tete, ambacho mpigaji hukilowesha kinywani kabla ya gwaride, kwani kikiwa kikavu hutoa mlio wa kukwaruza uwanja mzima ukisikia.