Wavu Uliopunguza Mzigo

Tarehe 23 Agosti 1991, karibu na Stavanger nchini Norwe, msingi wa zege wa jukwaa la gesi la Sleipner A ulikuwa ukizamishwa taratibu kwa majaribio. Ukuta mmoja wa ndani ukapasuka, maji yakaingia kwa kasi iliyozishinda pampu, na msingi wote ukaenda chini. Wafanyakazi waliokolewa wote. Hasara ilikuwa takriban dola milioni 700.

Zege lenyewe halikuwa bovu. Kompyuta hukokotoa ukuta kwa kuugawa katika vipande vidogo vilivyoshikana kama wavu, na pale kuta zinapokutana matundu ya wavu yalikuwa makubwa mno. Nguvu ya kukata ukuta ikakadiriwa pungufu kwa asilimia 47. Kuta zikawa nyembamba, na nondo hazikufika zilikohitajika. Uchambuzi makini uliofanywa baada ya ajali ulionyesha kwamba ukuta ungeshindwa chini ya shinikizo la mita 62 za maji. Ulikuwa umepasuka kwenye mita 65 hivi.

Siku hizi ukokotoaji wa namna hiyo, yaani uigaji wa kompyuta, ambao huweza kuchukua saa nyingi, hurudiwa mara mamia, kisha majibu yake hutumika kuifundisha modeli inayojibu kufumba na kufumbua. Mhandisi anajaribu maelfu ya unene wa ukuta kabla ya chai ya saa nne. Hiyo ni neema kubwa, maana miundo mibaya hutupwa mapema.

Ila modeli hiyo haijaliona zege hata siku moja. Imeona majibu ya uigaji tu. Ingefundishwa kwa wavu wa Sleipner, ingelirithi kosa lote, na ukiipima kwa mifano iliyotoka kwenye wavu uleule ingefaulu vizuri sana.

Zipo mbinu zinazotoa kadirio pamoja na kiwango cha shaka. Mojawapo ilianzia migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, ambako mhandisi Danie Krige, mwaka 1951, alishughulikia namna ya kukadiria madini kwa sampuli chache. Shaka hiyo humwonyesha mbunifu mahali data ilipo haba, akaongeze uigaji. Haiwezi kumwambia kwamba wavu wenyewe una kasoro.

Ndiyo maana muundo uliochaguliwa na modeli ninaudai ushahidi usiotokana na uigaji uleule: kipande cha zege kilichojaribiwa maabara hadi kikavunjika, au ukurasa wa hesabu ya mkono. Kwa ukuta wa Sleipner, hesabu rahisi ya mkono ingetosha kuonyesha kwamba hauwezi kuubeba mzigo ule.