DISKI ISIYOONEKANA SI LAZIMA IMEKUFA



Mwaka jana alitujia mwanachama wetu mmoja, mkata miwa wa miaka mingi, ameshika mkononi taarifa ya akaunti yake ya NSSF. Alikuwa amepita umri wa miaka 45 na amechangia kwa zaidi ya miaka 10, kwa hiyo chini ya sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 alikuwa na haki ya kuomba sehemu ya akiba yake, isiyozidi asilimia 20, kabla ya kustaafu. Lakini katika taarifa ile miezi 14 ilikuwa mitupu. Asilimia 5 ya mshahara wake ilikatwa kila mwezi, hilo analikumbuka vizuri. Asilimia 10 ya mwajiri haikufika, na hata ile 5 yake mwenyewe haikufika. Mwajiri, ambaye hatumtaji kwa kuwa shauri halijakwisha, alisema hana tena karatasi za miaka hiyo.

Tukamwambia ndugu yetu asihangaike. Hati zake za mshahara tulizipiga picha zamani na zimo katika seva ya tawi. Tulisema hivyo kifua mbele. Jioni ile tulipokwenda kuzitafuta, seva ilikuwa imefunguliwa, nyaya ziko nje, na diski zilizomo ndani hazionekani zote.

Twaeleza hapa yaliyotupata kwa sababu matawi mengi sasa yanaweka kumbukumbu zao namna hii, na wengi wetu tuliishia darasa la saba. Sisi nasi hatukusoma kompyuta chuoni. Lakini aliyewahi kutafuta kwa nini pampu ya kiwandani haigeuki anaweza kutafuta kwa nini diski haionekani, maana kazi ni ile ile: fuata njia ya umeme toka mwanzo, hatua kwa hatua, na usimlaumu wa mwisho kabla hujampima wa kwanza.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Seva ya kuhifadhi ni kompyuta ya kawaida ambayo kazi yake ni moja tu, kutunza mafaili na kuyatoa kwa wanaoyaomba, kama stoo na mtunza stoo wake. Yetu ni kompyuta kuukuu ya ofisini. Iko nyumbani kwa mweka hazina wetu, mtaa wa Banda, kwa sababu ofisi ya tawi ilikuwa ikikaa siku mbili tatu bila umeme kila Yaka ilipokwisha na hakuna wa kununua tokeni. Ndani yake zilikuwamo diski mbili za terabaiti 4 kila moja, zenye kuandika jambo lile lile, ili moja ikifa nyingine ibaki na kila kitu. Zilijaa. Hati za mshahara, mikataba ya pamoja, fomu za walioumia kazini, picha za mikutano, vyote vimo. Tukanunua mjini diski mbili nyingine za ukubwa ule ule, mitumba, zilizokuwa zikifanya kazi katika vyumba vikubwa vya kompyuta huko ng'ambo. Bei yake ilikuwa ya kuvutia.

Kosa la kwanza lilikuwa letu, nasi twalikiri: tulifungua seva kabla ya kutoa nakala ya tatu na kuiweka mbali. Diski mbili zinazoandika pamoja hukulinda diski moja inapokufa. Hazikulindi na mwizi, wala moto, wala na mkono wa mtu anayefuta.

Basi tukazifunga zile mbili mpya, tukawasha. Kimya. Hapa ndipo msomaji ajifunze kutumia sikio na kiganja kabla ya macho. Diski ya aina hii ina sahani zinazozunguka. Ukiigusa wakati wa kuwasha utasikia mtetemo mdogo, na sauti kama ya cherehani ya mbali. Isipotetemeka kabisa, tatizo liko upande wa umeme, na hakuna haja ya kugusa programu yoyote. Ikizunguka lakini haionekani, tafuta upande wa waya wa data, tundu, au mpangilio wa bodi. Ikigonga tak, tak, tak kisha inanyamaza, hiyo huenda ni mgonjwa kweli. Hata hivyo mpe kwanza umeme wa kutosha, kwa maana diski yenye njaa ya umeme nayo hugonga vivyo hivyo.

Zetu hazikutetemeka. Kijana aliyekuwa akitusaidia akasema tumeuziwa mizoga. Tulikaribia kurudi dukani kugombana na mwenye duka, na tungemwonea. Sababu ilikuwa pini moja.

Kichwa cha umeme cha diski za SATA kina pini 15. Zamani pini tatu za mwanzo zililetewa umeme wa volti 3.3, ambao diski za kawaida hazikuutumia. Baadaye, katika kanuni za SATA zilizotoka mwaka 2016, pini ya 3 ikapewa kazi nyingine: ikipata umeme, diski iamrishwe kuzima. Wenye vyumba vikubwa walitaka hivyo ili waweze kuizima na kuiwasha diski iliyokwama bila mtu kwenda kuichomoa. Sasa chukua diski yenye kanuni hiyo uifunge kwenye pawa saplai ya zamani ambayo daima hupeleka volti 3.3 kwenye pini ile. Diski inaambiwa zima, zima, zima, nayo inatii. Ni nzima kabisa. Diski nyingi zilizotoka vyumba hivyo, na hata baadhi ya zile zinazotolewa ndani ya makasha ya nje ya USB, ziko hivi.

Dawa yake ni rahisi kuliko ugonjwa. Kata kipande chembamba cha ile tepu ya njano isiyoungua kwa joto, ufunike pini ya 3 kwenye diski, ukihesabu kuanzia upande uliopakana na kichwa kidogo cha data. Ukifunika zote tatu za mwanzo pia si vibaya. Njia nyingine ni kupitisha umeme kwenye kile kichwa cha kizamani chenye pini nne kubwa, ambacho hakina volti 3.3 kabisa, kwa kutumia adapta. Lakini chagua adapta ambayo nyaya zake zinaonekana zimebanwa moja moja. Zile za bei ya chini, ambazo plastiki imemiminwa kuzunguka nyaya, zimejulikana kuungua, na seva yetu iko chumba anacholala mtoto. Kazi yote hii ifanyike waya wa ukutani umechomolewa. Kuzima kwa kitufe hakutoshi.

Tukaweka tepu, tukawasha, zote mbili zikatetemeka. Tulifurahi mapema mno. Tulipoingia kwenye bayosi, yaani ule ukurasa wa bodi unaofunguka ukibonyeza Delete au F2 mara tu mashine inapowaka, tukaona diski tatu badala ya nne.

Huu ukurasa wa bayosi ni kituo muhimu. Diski isiyoonekana hapo mara nyingi haitaonekana popote mbele, hata ubadilishe programu mara mia. Inayoonekana hapo lakini haionekani kwenye mafaili, hiyo mara nyingi umeme na waya wake ni salama, na shida ni ya maandishi yaliyomo juu yake. Kwa hiyo sisi tulijua bado tuko upande wa waya. Tukabadilisha waya wa data na wa diski nyingine. Ile diski haikurudi. Tukabadilisha tundu, ikarudi hapo hapo. Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadili viwili hutajua kipi kilichotibu.

Kumbe bodi yetu ina matundu 6 ya SATA, lakini imeandikwa katika kitabu chake kwamba ukichomeka kile kijiti cha M.2, tundu la 5 na la 6 hufungwa, kwa kuwa wanagawana njia moja. Seva yetu huwakia kwenye kijiti cha M.2. Bodi nyingi ziko hivi, ingawa matundu yanayofungwa hutofautiana, basi soma kitabu cha bodi yako. Pia yapo matundu ambayo mtu ameyazima katika bayosi na kusahau.

Kuna waliouziwa diski za aina ya SAS wakidhani ni SATA. Utazitambua kwa kichwa chake: kwenye SATA kuna pengo kati ya sehemu ya data na ya umeme, kwenye SAS pengo limezibwa. Hiyo haitaingia kwenye waya wa SATA, na haitaki nguvu. Yataka kadi yake maalumu. Angalieni kabla ya kulipa.

Tukaendelea. Diski nne zote kwenye bayosi, tukazima, tukaenda kula. Tuliporudi na kuwasha, moja ya zile za zamani, zenye hati za wanachama, haipo. Hapo, ndugu, chakula kiligeuka tumboni.

Hesabu yake ni hii. Diski moja kubwa ikishazunguka hula kama wati 5 hadi 8 tu. Lakini ile sekunde ya kuanza, kama lori linalopanda mlima kutoka kusimama, huweza kuvuta karibu ampea 2 kwenye volti 12, yaani wati 24 hivi. Nne zikianza pamoja ni karibu wati 100 kwa mpigo, na sisi tulizitundika zote nne kwenye tawi moja la waya wa pawa saplai iliyozeeka. Iliyo mbali kabisa ikakosa. Tukagawa matawi, mbili huku na mbili kule, na baadaye tukanunua pawa saplai yenye nguvu zaidi. Ikarudi. Tangu hapo seva ina na betri ya kushika umeme unapokatika, kwani kampuni iliyokuwa na mkataba wa kusambaza umeme iliondoka na UEDCL ikachukua kazi hiyo tarehe 1 Aprili 2025, lakini umeme wa mtaani kwetu bado hukatika na kurudi mara tatu kwa dakika moja.

Sasa lililotutisha kuliko yote. Diski zote nne zilikuwapo, ila zile mitumba zilikuwa na maandishi ya mwenyewe wa kwanza na zilipaswa kufutwa na kuandaliwa upya. Seva yetu yatumia Linux, na diski huitwa kwa herufi: sda, sdb, sdc, sdd. Kijana alikuwa ameandika kwenye kikaratasi kwamba mpya ni sdc na sdd. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Mweka hazina, mama wa makamo asiyependa haraka, akauliza: "Hizo herufi hukaa pale pale hata mkihamisha nyaya?" Hazikai. Herufi zaweza kubadilika kila unapowasha, na sisi tulikuwa tumehamisha matundu mara nne. Diski aliyoiita sdc ilikuwa sasa moja ya zile za zamani. Ukubwa wote ni terabaiti 4, huwezi kuzitofautisha kwa macho.

Kila diski ina nambari yake ya kiwandani, imechapwa kwenye lebo. Andika

lsblk -o NAME,SIZE,SERIAL

nayo itakuonyesha kila herufi na nambari yake. Linganisha na lebo, watu wawili, mmoja akisoma na mwingine akitazama. Na wakati wa kufuta, lililo salama zaidi ni kuchomoa kabisa diski zenye mali yako. Kwa watumiaji wa Windows hatari ni ile ile: diski ngeni haionekani kwenye mafaili, unaulizwa kama iandaliwe upya, unakubali. Ikiwa ndani yake mna kumbukumbu, usikubali. Na wakati wa kuandaa, chagua mpangilio uitwao GPT, kwani ule wa zamani, MBR, huishia kwenye terabaiti 2 na kidogo, na nusu ya diski yako itapotea bila kuibiwa.

Kabla ya kuziamini zile mitumba tulizisoma afya kwa programu ya smartctl. Tazama mistari ya 5 na 197: ikionyesha hesabu inayopanda, sahani zinaharibika, rudisha dukani. Mstari wa 199 ukipanda, mara nyingi mwenye kosa ni waya wa data. Yetu moja ilikuwa na hesabu ndogo kwenye mstari wa 5 ambayo haikupanda. Tumeiacha, lakini twaitazama kila mwezi.

Jambo la mwisho ni diski zinazostaafu. Zina majina, mishahara na maradhi ya watu, na sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019 yatutaka sisi tuliozikusanya tuzilinde. Usimwachie fundi wa mtaani diski ya tawi usiku kucha, wala usiiuze kabla ya kuifuta yote mwanzo hadi mwisho.

Hati 14 za ndugu yetu tulizikuta, zimesomeka zote, na zimepelekwa pamoja na malalamiko yake. Nambari za diski nne zimebandikwa sasa nje ya kasha la seva, na nakala ya tatu inakaa Jinja kwa mwenzetu mmoja. Wanachama wenye hati za mshahara za zamani wazilete siku ya mkutano wa tawi, hata zilizochanika. Tutazipiga picha na kuwarudishia papo hapo.