"Mambo?" kila wiki

Programu za simu za kumsaidia mgonjwa wa presha, kisukari au VVU zimekuwa nyingi, na kila mwenye yake huisifia. Nikiulizwa ipi bora, huwaambia watu habari za jaribio moja ambalo halikuhitaji hata simu janja.

Kati ya 2007 na 2008, Dkt. Richard Lester na wenzake walifuatilia watu 538 waliokuwa wakianza dawa za kufubaza VVU katika kliniki tatu za Kenya, mbili za Nairobi na moja ya Kajiado. Karibu nusu yao walipata huduma ya kawaida tu. Wale wengine, kila wiki, muuguzi aliwatumia ujumbe mmoja: "Mambo?" Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Mwenye shida alipigiwa simu, na aliyenyamaza naye akatafutwa.

Matokeo yalitoka katika jarida la The Lancet mwaka 2010. Waliosema wanameza zaidi ya asilimia 95 ya dozi zao walikuwa asilimia 62 kwa waliotumiwa ujumbe, na 50 kwa wasiotumiwa. Waliofubaza virusi ni asilimia 57 kwa 48.

Kwetu simu hupita mikono mingi: mume, mtoto, jirani asiye na salio. Ujumbe unaotaja dawa ungemwaga siri ya mtu sebuleni. Huu haukutaja chochote. Zaidi ya hapo, ulimuuliza mgonjwa hali yake, na muuguzi alikuwepo kusikia jibu. Anayeacha dawa mara nyingi hajasahau. Zinamtapisha, au hana nauli, au ameombewa akaambiwa amepona. Kengele ya simu itamfaa nini huyo? Utafiti mwingine wa magharibi mwa Kenya, uliochapishwa 2011, ulikuta ukumbusho wa kila wiki unasaidia, lakini wa kila siku hausaidii. Nadhani watu huzoea kelele.

Kwa presha mambo hayako mbali na hapo, isipokuwa mgonjwa ana nguvu zaidi, kwa sababu anaweza kujipima. Tumia mashine ya kufunga mkono wa juu. Kaa dakika tano umeegemea kiti, nyayo chini, mkono usawa wa moyo, bila maongezi. Pima mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati, kisha andika. Nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi huhesabiwa presha ya juu, ingawa kliniki kipimo ni 140/90. Namba za siku saba humsaidia daktari kuliko kipimo kimoja ulichopimwa ukihema baada ya kushuka kwenye daladala.

Kwa hiyo kabla hujalipia programu yoyote, uliza: namba zangu atazisoma nani, na zikiwa mbaya atanipigia lini? Wakishindwa kukujibu, nunua daftari, andika humo, uende nalo kliniki.