Hakuna matone ya kuosha sukari machoni

Kila siku ya kliniki ya sukari hapa Kinango naulizwa jambo lile lile: "Daktari, niandikie matone ya kuosha sukari machoni." Hayapo. Hutayapata Ukunda, hutayapata Msambweni, wala kwa mganga yeyote.

Kisukari huharibu mishipa midogo ya damu ya retina, nyuma kabisa ya jicho. Huvimba, huvuja, mwisho huziba. Tone unalotia hubaki mbele, na sehemu kubwa hushuka na machozi hadi kooni. Ndiyo maana uchungu wa baadhi ya dawa za macho huhisiwa mdomoni. Maji ya mwarubaini, mlonge, asali, maziwa ya mama: hata yangekuwa dawa, yasingefika kunakoumwa. Yanapofika ni kwenye konea, kile kioo cha mbele, na huko yanaweza kuleta kidonda kinachoacha kovu jeupe. Nimepokea watu ambao huenda retina zao zingeweza kuokolewa, lakini kovu lilinizuia hata kuziona.

"Lakini shangazi alitia, akaona." Naamini aliona. Sukari ikipanda sana, lenzi ya jicho hubadilika na mtu huona ukungu. Sukari ikishuka, ukungu huondoka wenyewe baada ya siku au wiki. Muulize shangazi alianza lini vidonge vya metformin na aliacha lini chai ya sukari nyingi: mara nyingi ni mwezi ule ule wa matone. Vidonge vimefanya kazi, sifa zimekwenda kwa majani. Hata damu iliyovujia ndani ya jicho huweza kunyonywa na mwili, mtu akaona tena, na mishipa mibovu ikabaki palepale.

Kwa hiyo ushahidi wa shangazi hautoshi. Dawa hupimwa kwa makundi mawili, moja likipewa dawa na jingine kitu kinachofanana nayo kisicho na dawa, na mgonjwa hajui amepata kipi. Hivyo ndivyo madaktari wa Ulaya walivyojaribu matone ya brimonidini na ya somatostatini kwa wagonjwa 449, kwa wiki 96. Matokeo yalichapishwa 2019: kwa jumla hayakuikinga retina zaidi ya matone matupu. Uingereza nao, kwa lengo lile lile, walijaribu kinyago chenye mwanga cha kulalia; 2017 ikatangazwa kwamba hakisaidii. Matone yaliyotengenezwa maabara yameshindwa. Ya kuchemshwa jikoni yana nini cha zaidi?

Kilichofaulu ni kidonge, fenofibreti, dawa ya zamani ya mafuta ya damu. Huko Scotland kilijaribiwa kwa watu 1,151 wenye dalili za mwanzo za uharibifu wa retina. Kwa takriban miaka minne, waliofikia hatua ya kupelekwa kwa daktari wa macho au kutibiwa walikuwa asilimia 22.7 ya waliomeza dawa, na asilimia 29.2 ya wale wengine. Hayo yalitoka 2024. Kinapunguza kasi tu, hakirudishi kilichoharibika, na usikinunue mwenyewe: figo hupimwa kwanza.

Mengine yanayosaidia ni haya. Dhibiti sukari na presha, ndiyo kinga kubwa kuliko zote. Ukigunduliwa na kisukari cha ukubwani, pimwa macho wakati huo huo, kisha kila mwaka, hata kama unasoma vizuri, kwa sababu mwanzoni hakuna maumivu wala ukungu. Utafiti wa Nakuru ulikuta zaidi ya theluthi ya wenye kisukari waliotimiza miaka 50 retina zao zimeshaguswa. Mjamzito mwenye kisukari apimwe mapema. Ugonjwa ukiendelea kuna leza na sindano za jicho; uliza rufaa ya Kwale Eye Centre au hospitali kuu ya Mombasa.

Matone nitakayokutia mimi ni ya kupanua mboni ili nione nyuma. Utaona ukungu kwa saa chache, kwa hiyo usije ukiendesha pikipiki. Njoo na mtu wa kukurudisha nyumbani, na ulete daftari lako la kliniki.