Esansi ya namba kubwa, gesi na kanyanga: buji inaonaje katika motere iliyobadilishwa?

Kwenye magaraji ya Kiwanja na Rutshuru-centre, mtu akisha kubadilisha motere ya gari lake, shauri la kwanza anapewa ni moja: alipe esansi ya namba kubwa na buji ya bei, litaruka. Shauri hilo lina ukweli nusu. Ile nusu nyingine inaweza kumwacha njiani, na kwetu hilo si jambo la kucheka. Kutoka Rutshuru hadi Goma ni karibu kilomita 70, na kuna sehemu, hasa pale barabara inapopitia upande wa Hifadhi ya Virunga, ambapo hakuna shofere anayetaka kusimama jioni ili afungue buji.

Tuanze na oktani. Wengi wanaifikiria kama pilipili: ukiongeza, moto unazidi. Sivyo. Namba hiyo, iwe 91, 95 ao 98, inapima subira ya esansi: pistoni inaweza kuikandamiza mpaka wapi bila esansi kujiwasha yenyewe kabla buji haijatoa cheche. Lita moja ya 98 inabeba nguvu karibu sawa na lita ya 91. Kwa hiyo Carina ya zamani ao moto ya TVS ambayo haijaguswa ndani haipati faida yoyote, na buji yake haibadiliki rangi. Tena sisi tunaishi juu: Goma iko karibu mita 1,500 toka usawa wa bahari, na Kibumba inapanda zaidi. Hewa ni nyepesi, mkandamizo ndani ya silinda unapungua, na motere isiyo na turbo inaridhika na oktani ndogo kuliko ingekuwa Mombasa. Ila hewa hiyo hiyo nyepesi inafanya karibureta ya zamani imwage esansi nyingi kupita kiasi, na hapo buji inaanza kuvaa masizi.

Kwa gari lenye turbo ao lenye kulasi iliyochongwa ili mkandamizo uongezeke, mambo ni mengine. Turbo inasukuma hewa kwa nguvu, kwa hiyo haijali sana mlima. Huko Japani, ambako magari yetu mengi yanatoka, esansi ya kawaida inaanzia oktani 89 na ile ya juu inaanzia 96. Subaru za turbo, kama Impreza WRX, zilitengenezwa kwa ile ya juu. Ukizilisha esansi ya subira ndogo, inalipuka kabla ya wakati. Utasikia mlio kama kokoto ndani ya kopo, hasa ukipanda mlima na mzigo. Buji ndiyo inapata kipigo cha kwanza: porseleni yake nyeupe inapasuka, ao inajaa vidoa vidogo vyeusi na vya kung'aa. Hivyo vya kung'aa ni alumini ya pistoni yako inayoyeyuka. Ukiviona, usiwashe tena.

Kwa hiyo hapa oktani kubwa ni ya lazima, lakini peke yake haitoshi. Ncha ya buji inapaswa kukaa kati ya digri 500 na 850 hivi. Chini ya hapo masizi hayaungui, yanaikaba. Ikipita sana, ncha inakuwa kaa la moto na inawasha esansi bila kungoja cheche. Motere iliyoongezwa nguvu inatoa joto zaidi, ndiyo maana fundi anachagua buji baridi zaidi, yaani ile inayotupa joto haraka kwenye kulasi. Mara nyingi ngazi moja inatosha. Kwa NGK unatoka 6 kwenda 7, kwa Denso 20 kwenda 22. Kwa Bosch namba zinaenda kinyume, ndogo ndiyo baridi. Wengine wanaruka ngazi mbili kwa kujionyesha. Halafu gari linatembea polepole kwenye mashimo ya barabara yetu, buji haipati joto la kujisafisha, na asubuhi haliwaki.

Kuna pia nafasi ya cheche. Hewa iliyokandamizwa sana ni kama ukuta: umeme unahitaji nguvu zaidi kuivuka. Nafasi ya milimita 1.1 iliyofaa kabla ya turbo kuongezwa nguvu mara nyingi inapunguzwa hadi 0.8 ao 0.7. Kazi hiyo ni ya dakika chache na kipimo cha bei ndogo, lakini magari mangapi yanakosakosa moto kwenye mlima na watu wanalaumu esansi!

Vile vichupa vya kuongeza oktani vinavyomwagwa ndani ya tangi vinahitaji uangalifu. Zamani oktani ilipandishwa kwa risasi, sumu ambayo nchi za kusini ya Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021. Leo vichupa vingi vinatumia manganizi ao chuma. Vyote viwili vinaacha unga mwekundu kama udongo kwenye porseleni ya buji. Unga huo ukipata moto unapitisha umeme, cheche inakimbilia pembeni badala ya kuruka kwenye ncha. Kidogo hakina shida, lakini kuzidisha ni kununua buji kila mara.

Na pombe? Alkoli safi ina oktani inayopita 100, na Malawi inachanganya alkoli ya miwa na esansi tangu 1982. Lakini kilo moja ya esansi inaungua na kilo 14.7 za hewa, alkoli inaungua na kilo 9 tu. Maana yake motere inataka kumwagiwa alkoli nyingi zaidi, na karibureta haijui kama umebadilisha chakula. Ukimwaga alkoli nyingi bila kurekebisha jikle, mchanganyiko unakuwa mkavu, ncha ya buji inageuka nyeupe kama chokaa, na joto linapanda. Kuhusu kanyanga, tuseme wazi: ina maji mengi mno. Maji yanajitenga na esansi, yanakaa chini ya tangi, na hapo ndipo bomba linanyonya kwanza.

Gesi ni habari nyingine. Dar es Salaam kuna teksi na bajaji zinazotembea kwa gesi asilia. Oktani ya gesi ya aina hiyo, metani, inapita 120, na buji zake zinabaki safi hata unafikiri ni mpya. Usafi huo unadanganya. Gesi ni ngumu kuwasha, umeme unapiga kwa nguvu zaidi na unakula ncha polepole, kwa hiyo nafasi inapunguzwa kidogo na buji inapimwa mapema, isingojewe iwe nyeusi. Metani tunayo jirani: ndani ya Ziwa Kivu kuna kama kilomita za ujazo 60, na upande wa Rwanda kiwanda cha KivuWatt kinaigeuza umeme wa megawati 26. Kwa magari yetu bado ni ndoto.

Kinachoua buji nyingi zaidi hapa kwetu ni mchanganyiko wa chupa ya kadafi, pembeni ya barabara. Si kadafi wote, wengine ni watu wa haki. Lakini petroli ya taa ikichanganywa na esansi, oktani inaanguka na masizi yanajaa. Motere ya turbo inaumia kwa safari moja. (Ukinunua upande wa Uganda kumbuka: wao wakisema petroli wanataka kusema esansi.) Mbali na moto na sigara, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: esansi inakauka bila alama, petroli ya taa inaacha duara la mafuta.

Baada ya safari, ngoja motere ipoe, fungua buji moja uitazame. Kahawia hafifu ni nzuri. Nyeusi kavu ni esansi nyingi ao buji baridi mno, nyeusi yenye mafuta ni pete za pistoni zimechoka. Ya kawaida unaweza kuisugua kwa brosi laini. Ya iridiamu usiipige msasa hata siku moja: ncha yake ni nyembamba kama sindano, na msasa ndio mwisho wake.