Matembezi ya Siku Tatu Ng'ambo ya Mpaka, kwa Fedha Kidogo

Kila likizo fupi ikaribiapo, waalimu wetu wa upande wa Tanga huuliza neno moja: Je, mtu wa mshahara mdogo, mwenye mke na watoto, aweza kuvuka mpaka akaione Mombasa na Rabai, kisha akarudi asiwe na deni? Aweza, iwapo hesabu itafanywa nyumbani wala si njiani. Wengi huanza kwa kuuliza, "Tutaona nini?" ndipo hutafuta fedha ya kuyaona hayo. Afadhali mtu aanze na fedha iliyomo ndani ya nyumba, ada za shule zikiisha kutengwa, kisha aangalie itamfikisha wapi.

Tuseme nyumba ya watu wanne imejiwekea shilingi 300,000. Nauli ya kwanza kutengwa ni ile ya kurudi, si ya kwenda. Itiwe katika bahasha, bahasha ifungwe, akabidhiwe mama wa nyumba, wala isifunguliwe kwa ajili ya kitu chochote kitakachopendeza madukani. Bahasha ya pili ni ya nauli ya kwenda, ya tatu ni ya malazi. Kinachobaki ndicho cha chakula, sadaka na zawadi. Kwa kuwa nauli hupanda na kushuka, mtu na aende stendi juma moja kabla ya safari aulize mwenyewe, asitegemee habari za mwaka jana. Naye akiona bahasha tatu zimekwisha kula fedha yote, safari na ingoje likizo nyingine. Watu wamekwisha kwenda kutembea kwa fedha ya kukopa yenye riba, na nyumba ikala uji mtupu miezi mingi kwa furaha ya siku mbili. Hayo si mapumziko.

Baada ya fedha, hati. Mtanzania aingiaye Kenya hahitaji viza, lakini kitambulisho cha taifa peke yake hakimtoshi. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wamepatana kupokeana kwa vitambulisho; sisi hatumo katika mapatano hayo. Pasipoti ni shilingi 150,000 kwa mtu mmoja, na hesabu ya watu wanne ni mara mbili ya fedha ya safari yenyewe. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo na aende ofisi ya Uhamiaji akaulize habari za hati ya dharura ya safari, ambayo ada yake ni ndogo sana. Kila mtoto awe na hati yake mwenyewe. Na ikiwa mzazi mmoja tu ndiye asafiriye na watoto, yafaa achukue barua ya idhini ya mwenziwe. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho kichukuliwe, maana chaweza kuulizwa. Hayo yote yataka majuma kadhaa. Asiyeanza mapema hujikuta siku ya safari yu mlangoni mwa ofisi.

Hapa hapana budi kusema neno zito kidogo. Wako ndugu, hata katika makanisa yetu, wasemao hivi: "Mpaka huu ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, wala hawakutuuliza. Wadigo wako huku na huku, ni watu wa mama mmoja. Basi kuna kosa gani kupita njia ya panya?" Habari ya mpaka ni kweli, na habari ya Wadigo ni kweli. Lakini na tuangalie hali ya baba aliyepita njia ya panya pamoja na watoto wake. Akiibiwa mfuko Mombasa, hawezi kwenda polisi. Mtoto akiugua usiku, atakwenda hospitali na hofu. Akikutana na askari, hana la kusema ila kutoa chochote kilicho mfukoni, na mara nyingi hicho ndicho ile bahasha ya kurudi. Tena watoto wameona. Mwalimu atawafundishaje Jumatatu neno la uaminifu, na Jumamosi aliwaambia wainame kichakani? Ada ya hati ni ghali kidogo. Njia ya panya ni ghali zaidi.

Safari yenyewe si ndefu. Kutoka Tanga hata Horohoro ni kama kilomita 65, na kutoka Lunga Lunga, upande wa pili, hata Likoni ni kama 100, lami tupu. Yako mabasi yaendayo moja kwa moja hata Mombasa. Pia mtu aweza kupanda gari hata mpakani, avuke kwa miguu, kisha apande matatu, ndizo daladala za Kenya. Ulizeni nauli zote mbili mzilinganishe. Yafaa kuondoka Jumamosi alfajiri, ili mfike Likoni jua lingali juu. Sikukuu za Pasaka na Krismasi tuziepuke, kwani magari hujaa na nauli hupanda. Tena sisi makatekista hatuna ruhusa siku hizo! Chagueni likizo fupi, au juma ambalo Jumatatu yake ni ya mapumziko.

Chakula cha njiani kipikwe nyumbani: viazi, mayai, chapati. Kitiwe katika kikapu au mfuko wa nguo, maana Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu Agosti 2017, nasi Tanzania tukafuata Juni 2019.

Mpakani wapo wabadilishaji wa fedha wanaotembea, wenye maneno matamu na vidole vyepesi. Miaka hii ya karibuni shilingi moja ya Kenya imekuwa kama 20 za kwetu, ijapokuwa hubadilika. Basi fanyeni hesabu kwenye karatasi kabla ya kushuka garini: 100,000 zetu ni kama 5,000 zao. Akikupa 4,000 utajua mara moja. Usitoe yako kabla ya kuihesabu yake, noti moja moja, zikiwa zimekunjuliwa. Tena noti ya zamani ya Kenya ya shilingi 1,000, yenye picha ya uso wa Rais Kenyatta wa kwanza, si fedha tena tangu Oktoba 2019. Ukipewa hiyo umepewa karatasi. Palipo na benki au duka la fedha lenye kibali, huko ni bora.

Katika feri ya Likoni waendao kwa miguu hawalipi kitu. Lakini umati ni mkubwa, basi kila mtoto ashikwe mkono, na chombo kikiwa kimejaa mngoje kingine. Tarehe 29 Aprili 1994, karibu na hapo, feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa.

Juu ya malazi, mchungaji wenu na aandike mapema kwa kanisa la huko kuuliza nyumba ya wageni, nanyi mchukue barua ya utambulisho. Wengine watapendelea kulala kwa jamaa ili kuokoa fedha. Ni vema, na kwa kuwa mgeni hupewa jembe siku ya tatu, nanyi mnalala siku mbili tu, jembe halitawafikia. Ila niseme jambo moja kwa akina baba. Kwa jamaa, mama huingia jikoni tangu anapofika, akasonga ugali wa watu kumi na wawili, akaosha vyombo, akarudi Tanga amechoka kuliko alivyoondoka, naye ndiye aliyebana matumizi mwaka mzima ili safari ipatikane. Ikiwa fedha yatosha kulipa chumba kidogo na chakula cha hotelini usiku mmoja tu, usiku huo uwe wake.

Jumapili ni siku ya Rabai. Panda matatu hata Mazeras, kisha Rabai, mwendo wa kilomita 25 hivi kutoka Mombasa. Fikeni kabla ya ibada. Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha CMS cha Uingereza, aliingia Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka uo huo alimzika mkewe Rosine na binti yao mchanga. Rebmann akamfuata mwaka 1846, wakafungua misheni Rabai. Ni kutoka hapo Rebmann aliposafiri akaiona theluji ya Kilimanjaro, tarehe 11 Mei 1848, na wataalamu wengine wa Ulaya wasimsadiki. Alikaa hata mwaka 1875, macho yake yakiwa karibu kuzimika. Majengo ya kale yangalipo, na makumbusho pamoja nayo.

Lakini waonyesheni watoto na jambo jingine, ambalo wageni wengi hulipita. Rabai ilikuwa kimbilio la watumwa waliotoroka mashamba ya pwani. Mmoja wa walioiongoza miaka hiyo alikuwa William Jones, Mwafrika aliyekuwa mtumwa utotoni, akakombolewa, akasomeshwa India, akawekwa kuwa shemasi mwaka 1885 pamoja na Ishmael Semler. Mwaka 1889 mabwana walilipwa fidia, na watu zaidi ya elfu moja wa Rabai na misheni za jirani wakapewa hati za uhuru. Fikirini mtu aliyeishi miaka mingi akisikiliza nyayo za wamfuatao, kisha siku moja akakabidhiwa karatasi, asiogope tena mtu njiani. Hapo mtoto aliyenung'unika kupanga foleni ya Uhamiaji aweza kuuliza maswali mazuri sana.

Mchana mkirudi mjini, mkiwa na nguvu, vukeni daraja la Nyali mwende Kengeleni. Huko ndiko Freretown, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na mahali pamepewa jina kwa ajili ya kengele yao. Kuitazama ni bure. Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyoanzwa mwaka 1593, ina kiingilio. Wenye fedha kidogo waitazame kwa nje, kuta zake ni zile zile.

Jumatatu mwahi feri ya alfajiri, na bahasha ya mama ifunguliwe. Noti za Kenya zilizobaki zibadilishwe Lunga Lunga. Sarafu ni vigumu kumpata wa kuzipokea Horohoro, basi zinunulieni mahamri ya watoto kabla ya kuvuka.